Flaviana Alikwenda Kupumzika

Wanawake wa mtaa wetu wa Picha ya Ndege wanakusamehe ukiiba kuku. Wanakusamehe ukimtukana mama mkwe, ukitoroka na mume wa mtu kisha ukarudi umekonda, hata ukilewa mchana kweupe ukalala kwenye mtaro. Nimeyaona yote hayo yakisamehewa, mengine nimeyacheka. Ambalo halikusamehewa ni la Flaviana, mke wa Kasiani, aliyekwenda Dar es Salaam siku mbili kulala usingizi.

Nalisema waziwazi mapema ili mtu asidhani kuna jambo nyuma ya jambo. Hakuwa na hawara. Hakwenda kwa mganga. Alichoka, basi. Alikuwa na watoto wanne, wa kwanza anaitwa Amon, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Amon. Wa mwisho ni mapacha, ambao mmoja akilala mwenzake anaamka, kana kwamba wamepangiana zamu. Mumewe ni dereva wa malori ya Tunduma, nyumbani anapita kubadilisha nguo. Mbele ya nyumba alikuwa na genge la nyanya na vitunguu, na chumba cha nyuma alikuwa na mama yake mzazi, Bibi Elinipa, aliyepooza upande mmoja, wa kugeuzwa, wa kulishwa na kufuliwa.

Huyo Bibi Elinipa aliletwa kijiji cha Janga akiwa bibi arusi kutoka Upare, hana ndugu hata mmoja wa kumkimbilia. Watu wa Janga hawakumfanya mwenzao kwa sababu ya ndoa. Walimfanya mwenzao kwa sababu ya misiba. Alikuwa wa kwanza kufika na ndoo kichwani, wa mwisho kuondoka, mikono imechubuka kwa majivu ya kusugulia masufuria. Alizika watu mpaka wakasahau alikotoka. Sasa mdomo ulikuwa umepinda na mkono mmoja haumsikii, na alikuwa na ombi moja tu, alilirudia kila alipobadilishwa shuka: azikwe na watu, na watu hao wale washibe.

"Wasiondoke kwangu na njaa," alimwambia binti yake. "Mimi nimepikia wenzangu sana."

Flaviana alimwahidi, na ilikuwa ahadi nyepesi kwake, kwa sababu alikuwa mwanachama wa Faraja, kikundi cha kufa na kuzikana cha akina mama wa mtaa. Ukiwa mwanachama, siku ya msiba wako hugusi kitu. Unakaa mkekani unalia, na wenzako wanateka maji, wanawasha moto, wanaosha maiti kama ni mwanamke, wanapika, wanapakua na kuosha vyombo. Mwislamu na Mkristo wote ni humo humo. Sisi wanaume kazi yetu ni kuchimba kaburi na kukalia viti. Na Flaviana hakuwa mwanachama hivi hivi, alikuwa mtunza vyombo. Stoo yake ilikuwa na mlango wa chuma, basi masufuria makubwa, sahani, majamvi na turubai vyote vilikaa kwake. Mwenyekiti wao, Bi Maulida, mama wa watu wa Kisarawe aliyehamia kwetu viwanja vikiwa bado ni mikorosho, aliweka sharti moja juu ya stoo ile: ufunguo wake hautoki mtaani. Mtunza vyombo akienda hata Mlandizi tu, anauacha kwa jirani yake, Firdausi.

Sasa tufike kwenye usingizi. Flaviana alikuwa na mdogo wake, Laurentia, aliyeolewa Kisarawe. Siku moja Laurentia alikuja kumwona mama, akamkuta dada yake kwenye genge amelala huku amekaa, nyanya mkononi, mteja amesimama mbele yake anamsubiri kwa huruma. Laurentia akaja juu. Akasema dada utakufa kabla ya mama. Niletee wote Kisarawe, watoto na mama pia, nitawatunza mimi. Wewe nenda mjini, chukua chumba, ulale mpaka uchoke kulala. Na simu uizime.

Nayasema maneno hayo kama yalivyosemwa, maana baadaye Laurentia aliyasahau.

Kutoka kwetu hadi Dar si safari. Nusu ya mtaa unaamka alfajiri kwenda kazini huko na jioni unarudi. Flaviana mwenyewe aliijua Dar: Mabibo kwa ajili ya nyanya, Muhimbili kwa ajili ya mama. Lakini kwenda Dar bila mzigo wa kubeba wala mgonjwa wa kupeleka, kwenda tu kujilaza, hilo halikuwa na jina hapa kwetu. Mke anaweza kuondoka kwa msiba, harusi, uzazi au mkesha wa maombi. Kupumzika tumezoea kulisikia kanisani, likisemwa juu ya marehemu.

Alikwenda. Ijumaa aliwapeleka watoto na mama Kisarawe, akafunga nyumba, na jioni alikuwa Magomeni, kwenye gesti yenye feni na maji ya moto. Hadithi ya siku mbili zile alikuja kumsimulia mke wangu, naye akanisimulia mimi, akicheka mwanzoni. Kitu cha kwanza alichofanya Flaviana ni kuingia bafuni na kusukuma komeo. Kwake bafuni mlango ni pazia, na akioga huwa kuna mtoto nje anamshitaki mwenzake. Alisimama akasubiri. Hakuna aliyeita mama. Aliyaachia maji mpaka vidole vikakunjamana, kisha akaketi kitandani na taulo akatazama taarifa ya habari yote, hata habari za michezo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

Aliagiza kuku nusu na chipsi. Nyumbani kwake kuku akichinjwa, mapaja ni ya watoto, kifua ni cha Kasiani akiwepo, na yeye hula shingo na kuapa kwamba ndiyo anayoipenda. Usiku ule alianza na paja. Alilila polepole, hakuna mkono mdogo ulioingia kwenye sahani yake. Shingo aliipata pia, akaiacha pembeni, akairudisha jikoni nzima. Laurentia alimpigia simu kuuliza sweta la pacha mmoja liko wapi, kisha akapiga tena kuuliza mama analalia ubavu upi. Alijibu yote mawili, halafu akaizima simu kama alivyoagizwa, na akalala mpaka mhudumu alipogonga asubuhi kutaka kufagia.

Jumamosi alisuka nywele. Alipaka kucha rangi nyekundu, mikono na miguu. Akashuka mpaka Kivukoni, akaamua kupanda pantoni kwenda Kigamboni, hana anakokwenda, anataka tu avuke na kurudi. Akiwa anatafuta nauli kwenye pochi, mkono wake ukagusa ufunguo wa stoo.

Aliujua kabla hajautoa. Alitoa simu, akaweka kidole kwenye kitufe, akasita. Kama akiiwasha, Laurentia atampigia, na kama akimpigia Firdausi, itabidi aurudishe ufunguo leo leo, na raha yake iishie pale kwenye foleni ya kivuko. Akawapitia wazee wa mtaa mmoja mmoja akilini. Wote aliwaacha wazima. Hata Bi Mwanne, mama mzazi wa Bi Maulida, ambaye ndiye mkongwe kuliko wote, jana yake alimwona anakwenda dukani kwa miguu yake kununua ugoro. Nani atakufa kwa siku mbili? Akairudisha simu kwenye pochi, na ufunguo pia. Akavuka, akala mahindi ya kuchoma upande wa pili, akarudi.

Wakati anajiuliza swali lile, Bi Mwanne alikuwa amekwisha kufumbwa macho.

Maiti ya Kiislamu hailali. Alikufa asubuhi, ilikuwa azikwe baada ya alasiri, na watu walikuwa wengi kwa sababu Bi Maulida hajawahi kukosa msiba wa mtu. Akina mama walikwenda kwa Flaviana kuchukua vyombo wakakuta kufuli. Firdausi hana ufunguo. Simu haipatikani. Kaka zake Bi Maulida walitaka kulikata kufuli, mjumbe akakataa, akasema nyumba ya mtu haivunjwi kwa ajili ya masufuria. Basi ikabidi Bi Maulida, siku ya kufiwa na mama yake, atoke mkekani aende kuazima vyombo mtaa wa pili, na wanawake wa mtaa wa pili wakamkabidhi wakiwa wanabana vicheko, wakiuliza hiki ndicho kile kikundi cha mfano.

Halafu mvua ikanyesha. Turubai liko nyuma ya mlango wa chuma. Watu walijibana chini ya paa za majirani, jeneza likasubiri ukutani huku maji ya bati yakilidondokea, moto ukazimika mara kwa mara, wali ukatoka mbichi. Mwanamke aliyezika mtaa mzima kwa utaratibu alimzika mama yake kama mtu aliyeokotwa barabarani. Nilikuwepo, nilichimba kaburi lile kwenye tope. Hasira ya Bi Maulida naielewa. Kilichofuata ndicho sikielewi mpaka leo.

Flaviana alirudi Jumapili mchana. Alikuwa bado hajawafuata watoto. Alitaka kwanza aweke begi lake. Aliona watu kwa Bi Maulida, akaambiwa njiani, akaenda moja kwa moja na begi lake, akapiga magoti mbele ya mwenyekiti. Wanawake wote walitazama kitu kimoja: kucha. Alizificha chini ya khanga, lakini hata za miguu zilikuwa nyekundu.

"Ulikuwa wapi, Mama Amon?" Bi Maulida aliuliza, kwa sauti ya chini.

Firdausi, ambaye alimpenda kwelikweli wakati ule, akamrushia kamba. Alisema si ulisema bibi kazidiwa kule Kisarawe, Mama Amon? Wote walisikia, na wote walikuwa tayari kuupokea uongo ule. Angeinamisha kichwa tu, angepewa pole na uji. Lakini Flaviana hakuweza. Kumsingizia mama yake kuzidiwa, mama aliyekuwa kweli kitandani, aliona ni kumwita Ziraili kwa jina. Akasema ukweli.

"Nilikwenda mjini kupumzika, Bi Maulida. Ufunguo niliusahau. Nisamehe mama yangu."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Mwanamke mmoja alirudia neno lile, kupumzika, kama mtu anayeonja kitu asichokijua, na mwingine akauliza alikuwa anapumzikia nini. Bi Maulida akamruhusu akae.

Hukumu ilitolewa arobaini ilipopita, barazani kwa mwenyekiti. Flaviana alikwenda amejiandaa kutozwa faini au kufukuzwa. Vyombo walishavihamishia kwa Firdausi. Bi Maulida alisema hawamfukuzi, kwa sababu kumfukuza mtu ni kumsukuma kwa Mungu, na wao si Mungu. Wala hawataki faini yake. Atabaki mwanachama, atashika kazi kwenye misiba ya wenzake kama kawaida. "Na wewe ukifiwa tutakuja wote," alisema. "Hatabaki mtu nyumbani. Ila tutakuja kama wageni."

Kila mtu pale alijua Flaviana ana msiba mmoja tu unaomnyemelea, na umelala chumba cha nyuma. Hakuna aliyeutaja.

Toka siku ile Flaviana alifanya kazi kwenye misiba ya watu kama punda. Alifika kabla ya kilio kusikika. Aliosha maiti za wanawake ambao hata hakuwapenda, alimenya vitunguu mpaka macho yakavimba, aliingia ndani ya masufuria kwa kichwa kuyasugua ukoko. Kucha alizikwangua kwa wembe. Wanawake wakaanza kumtania tena, Firdausi akaanza kumwachia mwanawe alale kwake, na Bi Maulida mwenyewe msiba mmoja alimwambia wali wako leo umeiva vizuri. Flaviana alirudi nyumbani siku hiyo anaimba. Mke wangu akaniambia, wameshamsamehe huyo. Mimi nikasema la kuvunda halina ubani, akaniambia nina roho mbaya.

Bibi Elinipa hakuambiwa lolote. Kila mara aliuliza wenzio wa kikundi hawajambo, na Flaviana alijibu hawajambo, wanakusalimu. Basi bibi alianza kutoa maagizo ya mazishi yake kama mtu anayeandaa harusi. Mchele uchaguliwe, usiwe na mawe. Maharage yalowekwe usiku. Wazee wa Janga waletewe nyama laini, meno hawana. Flaviana alikuwa anamkanda mguu na kuitikia.

Alikufa Januari, kwenye lile joto ambalo hata bati linalia, alfajiri, mkono wake mzima umeshika shuka. Flaviana alipiga yowe, na mtaa ukaamka. Kabla jua halijawa kali Faraja yote ilikuwa uani kwake. Hakubaki mtu nyumbani, kama ilivyoahidiwa. Vijana wa Firdausi walileta masufuria, yameoshwa yanang'aa, wakayafudikiza chini ya mwembe. Walileta majamvi, sahani, turubai, na turubai wakalifunga vizuri. Haki ya mwanachama ilitimizwa yote. Kilichokosekana ni mikono.

Niliwaona wanavyoingia. Hawakufunga khanga kiunoni, walizivaa za kutokea, zile nzuri. Kila mmoja alimpa mfiwa mkono, akasema pole sana Mama Amon, kazi ya Mungu haina makosa, akaenda kukaa jamvini, akanyoosha miguu. Wakakaa. Wakapiga soga za kawaida, kwa sauti ya chini inayofaa msibani. Jua likapanda. Mwanamke mmoja akaomba maji ya kunywa.

Flaviana alikuwa amekaa mkekani kama mfiwa anavyokaa. Alitazama yule aliyeomba maji, akatazama masufuria, akamtazama Bi Maulida. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa hajaamini. Akainuka, akaenda kuchota maji, akamletea, na yule mwanamke akayapokea kwa mikono miwili, akasema asante, Mungu akubariki.

Laurentia alifika kutoka Kisarawe na wifi yake mmoja mgonjwa wa presha, asiyefaa hata kuinua sufuria. Madada wawili wakamwosha mama yao peke yao, mmoja anamshika kichwa, mwingine anamwaga maji, na walipomgeuza walimgeuza vibaya kwa sababu kazi ile inataka watu wanne. Halafu Flaviana akatoka akawasha moto. Mfiwa, kichwa wazi, anapuliza kuni. Aliteka maji, akachagua mchele, akapika uji wa watu wote, akaugawa, akakusanya vikombe, akaviosha, akabandika maharage. Siku ile yote na usiku wote. Sisi wanaume tulitazamana. Mmoja wetu, Zaidi, alijaribu kuinuka abebe ndoo, na mkewe akamwita kutoka jamvini kwa jina lake lote, akakaa. Mwanaume kuingia jiko la msiba hapa kwetu ni aibu ya mfiwa, si msaada. Kila mtu alijua, na kila mtu alijificha kwenye hilo. Mimi nilikwenda kwa mke wangu nikamwambia mnachofanya ni unyama. Akaniambia hayo ni mambo ya kikundi, nenda kachimbe kaburi.

Maziko yalikuwa siku ya pili, mchana. Kasiani aliingia asubuhi na lori lake kutoka Tunduma, macho mekundu, akashika kazi ya jeneza na msalaba kama mkwe anavyotakiwa. Wazee wa Janga walifika wakati jeneza linafungwa, wachache, wamechoka, wakamlilia mwenzao mpaka nasi tukalia. Walikuwa na njaa, ilionekana. Na uani watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Bibi Elinipa alikuwa amepata watu.

Kwenye moto kulikuwa na sufuria kubwa la wali, ndiyo kwanza maji yanaanza kukauka, na la maharage pembeni, na nyama. Anayejua kupika wali wa watu wengi anajua saa ile haiachwi. Ukiuacha unaungua chini na juu ni mbichi, na watu wakirudi makaburini hakuna cha kuwapa. Jeneza liliinuliwa. Katekista akaanza wimbo. Flaviana alimgeukia Laurentia, akamwomba abaki na mwiko, maana dada mtu ndiye mkubwa, ndiye wa kutupa udongo wa kwanza.

Laurentia alikuwa hajalala, mikono ina malengelenge ya moto. Akamjibu mbele yetu.

"Kosa ni lako, dada. Mama ni wetu sote. Mimi siwezi kukosa kumzika mama kwa ajili ya safari yako ya mjini."

Akamshika Amon mkono, akafuata jeneza. Yeye aliyesema niletee wote, yeye aliyesema simu uizime.

Flaviana akamwendea Firdausi. Alikuwa amesimama na wengine, anajifunika vizuri tayari kwa kwenda makaburini. Flaviana alimnyooshea mwiko. Akamwambia nishikie tu, nikamtupie mama udongo nirudi, sitachukua muda, wali wa mama usiungue. Alisema "wali wa mama". Firdausi alimtazama Bi Maulida. Bi Maulida alikuwa anarekebisha ushungi, wala hakumwangalia mtu.

"Mgeni hashiki mwiko, Mama Amon," Firdausi alisema.

Wakaondoka. Wote. Makaburi yako nyuma ya shule, si mbali, wimbo unasikika vizuri kutoka uani kwake. Nilikuwa nimebeba jeneza, nikageuka mara moja. Alikuwa amesimama peke yake kwenye moshi. Alikuwa na njia nyingine: kutupa mwiko na kukimbia, wali uungue, wote wale wakose. Nilimwombea afanye hivyo. Lakini mama yake alitaka watu wale, na alikuwa ameahidi. Aliinama, akaanza kuupepea moto.

Tulizika bila yeye. Laurentia alitupa udongo wa kwanza. Tuliporudi, chakula kilikuwa kimeiva, mkaa umepangwa juu ya mfuniko, wali mweupe unaachana punje kwa punje. Alitunawisha mikono mmoja mmoja na birika, wazee wa Janga kwanza, nyama yao ameitenga, laini. Watu walikula mpaka wakashiba, na wengine waliongeza. Bi Maulida alikula sahani yake yote. Flaviana alipopita kumnawisha, mwenyekiti alimwambia mama yako amezikwa na watu, Mama Amon, mshukuru Mungu. Flaviana akasema asante.

Alfajiri ya siku ya tatu nilisikia mafagio. Nikatoka. Faraja yote ilikuwa tena uani kwa Flaviana, safari hii wamefunga khanga kiunoni, miguu mitupu. Wanafagia, wanasugua masufuria, wanafua nguo za marehemu, wengine wamekwenda na ndoo kutafuta maji. Wanafanya kazi kwa moyo, wengine wanalia kabisa. Firdausi alikuwa ndani ya sufuria kubwa, anakwangua, mabega yanatikisika.

Flaviana alikuja mlangoni, akashika fagio lililokuwa karibu. Bi Maulida akamnyang'anya taratibu.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Leo ya tatu. Sisi si wageni tena. Kaa, mwanangu, usiguse kitu, umefiwa."

Akamkalisha mkekani, akamfunika khanga mabegani, akamletea uji mwenyewe, wa moto, wenye tangawizi. Flaviana alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikitazama muda, hakunywa.

"Mama mmemweka upande gani?" aliuliza.

Bi Maulida alimwelekeza, kama unavyomwelekeza mtu asiye wa mtaa huu: uingie kwa njia ya shule, uyapite makaburi yenye vigae, mkono wa kushoto, utauona msalaba mpya. Kisha akamwambia anywe uji, unapoa.